Miche Bora Bila Pitimosi



Wengi mmeuliza kama ni lazima kununua pitimosi ili kupata miche mizuri ya nyanya na sukuma wiki. Hapana.

Pitimosi ni mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka. Ni nyepesi na hushika maji mengi. Lakini ikikauka kabisa hukataa maji: unanyunyizia juu, mizizi inabaki kavu. Tena huongezeka kwa takriban milimita 1 tu kwa mwaka. Kinachochimbwa leo hakitarudi wajukuu wetu wakiwa hai.

Mbadala upo. Makumbi ya nazi za Pwani husagwa na kuuzwa kama kokopiti. Ioshe kwa maji safi kwanza ili chumvi itoke, na maji hayo usiyamwage kitaluni.

Kama pesa ni haba, changanya ndoo 2 za udongo wa juu, ndoo 1 ya samadi iliyooza na ndoo 1 ya mchanga, kisha chekecha. Samadi ikiwa bado ina joto, ngoja, itaunguza mizizi. Usichukue udongo mahali nyanya au viazi viliwahi kupatwa na mnyauko.

Nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Sia mbegu Septemba, upate miche iliyo tayari mvua fupi zikianza. Miche ikifa, mvua haitatungoja tusie upya.