Mtakatifu Brendan, Msafiri wa Bahari



Leo tumkumbuke Mtakatifu Brendan, abate wa Irlandi katika karne ya 6, aliyeanzisha monasteri ya Clonfert. Kitabu cha kale chasimulia kwamba yeye na watawa wenzake waliunda mashua ya miti, wakaifunika kwa ngozi za ng'ombe, wakaenda kuitafuta nchi ya ahadi ya watakatifu. Upepo ukatulia. Wakapiga makasia hata nguvu zikawaishia. Ndipo Brendan akawaambia wayaweke makasia na kuliacha tanga wazi, kwani Mungu ndiye nahodha wao.

Kitabu hicho kina maajabu mengi, wala hatulazimiki kuyasadiki yote. Lakini mwaka 1976 na 1977 Tim Severin na wenzake walivuka Atlantiki kwa mashua ya ngozi namna ileile, wakafika Newfoundland.

Tuangalie jambo hili: kwanza walifanya kazi, kisha wakatumaini. Nasi mtoto akiugua, tumpeleke kwenye dispansari, tusali. Nguvu zikituishia, tusirudie hirizi tulizozitupa siku ya ubatizo.

Sikukuu yake ni tarehe 16 Mei. Mtakatifu Brendan, utuombee.