Mche wa Kahawa na Jua

Fungueni madaftari. Neno la leo ni KIVULI. Liandikeni kwanza: ki-vu-li.

Wakulima wa Kilimanjaro huhamisha miche ya kahawa kutoka kitaluni kwenda shambani masika yanapoanza, mwezi wa Machi. Sasa tuhesabu kurudi nyuma. Mbegu hukaa udongoni wiki 6 hadi 8, kisha huchomoza ikiwa imevaa ganda lake kichwani, kama askari na kofia yake. Baadaye mche hulelewa kitaluni kwa miezi mingi. Basi anayekusudia kupanda mwezi wa Machi, lazima awe amesia mbegu karibu mwaka mmoja kabla. Kazi ya mwaka huo yaweza kupotea kwa siku chache, na jua ndilo mwizi.

Mche mchanga huishi chini ya kichanja kilichoezekwa nyasi au majani ya migomba. Jani lililokulia kivulini ni laini. Ukiutoa mche kivulini leo na kuuacha juani kesho, majani huungua, hugeuka rangi ya kahawia na kupukutika. Watu husema ni ugonjwa, wakanunua dawa. Dawa ya nini?

Fanya hivi. Miezi 2 au 3 kabla ya kupanda, anza kupunguza nyasi za kichanja. Ondoa kidogo, yatazame majani wiki moja au mbili, kisha ondoa tena. Januari na Februari jua ni kali, kwa hiyo usifanye haraka, na maji yasikosekane. Siku ya kupanda ikifika, miche iwe imekwisha kuzoea jua la kutwa.

Wapo wanaoogopa, wakaacha kivuli kizito mpaka mwisho. Miche yao hurefuka upesi na wageni huisifu. Mimi siisifu, maana shina lake ni jembamba na huinama kwa upepo. Chagua mche mfupi wenye shina nene.

Mashimo ya futi 2 yachimbwe mapema. Mvua moja isikudanganye. Ngoja udongo ulowe mpaka chini. Ukisha kupanda, chomeka matawi yenye majani kando ya mche, yaukinge siku za kwanza.

Sasa andikeni majibu. Kijijini kwenu masika huanza mwezi gani? Basi kichanja kianze kupunguzwa mwezi gani? Mwalimu wenu atawasahihishia.