Sekunde 10.6 za Ubaoni

(Hotuba iliyotolewa kwenye chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya michezo, nami nitazitumia zote kwa jambo moja. Ni ule ubao wa ofisi ya michezo unaosema kwamba mita 100 zimekimbiwa hapa kwa sekunde 10.6. Mwenye rekodi hiyo yumo humu ukumbini, na ninamheshimu sana. Alikimbia na alishinda, hilo halina ubishi. Ninayoiuliza mimi ni ile saa. (Kicheko.)

Wazee wenzangu mnakumbuka tulivyopimwa. Mwalimu mmoja alipiga filimbi kule mwanzo, na mwenzake alisimama kwenye utepe na saa mkononi. Sasa, sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kusafiri mita 100. Anayengoja kusikia ndipo abonyeze saa amekwisha mpa mkimbiaji zawadi ya mita tatu hivi. Ndiyo sababu kanuni humtaka mpimaji atazame moshi wa bastola, asingoje mlio. Tena wapimaji wawe watatu, na muda wa katikati ndio ushike. Kwa rekodi za dunia za mbio fupi, saa ya mkono ilikataliwa kabisa tangu mwaka 1977.

Halafu kuna ardhi. Sisi wa Ngara tunajua viwanja vyetu: unachimba ubavu wa kilima, unasawazisha kadiri jembe linavyokubali, unaita uwanja. Biharamulo kuna nafuu, ingawa si kila mahali. Kanuni inasema katika mita 100 ardhi isishuke zaidi ya sentimeta 10. Na upepo wa mgongoni usizidi mita 2 kwa sekunde. Usain Bolt alipokimbia 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, upepo uliandikwa pamoja na muda: 0.9. Wetu nani aliuandika?

Msinielewe kwamba nadharau nchi yetu. Zamani tuliambiwa kwamba watu wa Afrika Mashariki ni wa mbio ndefu tu. Lakini Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220 huko Perth mwaka 1962, na Ferdinand Omanyala alikimbia 9.77 pale Kasarani, Nairobi, tarehe 18 Septemba 2021, ikawa rekodi ya Afrika. Siku hiyo alikuwa wa pili, nyuma ya Trayvon Bromell wa Marekani kwa sekunde 0.01 tu! Saa ya mkono isingeweza hata kuwatenganisha. Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, na hiyo humsaidia kidogo mkimbiaji wa mbio fupi. Hata sisi tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari.

Nasema haya kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa. Mwaka huu amekimbia 11.1, kwa saa tatu, kwenye njia iliyopimwa kwa tepu. Wenzake walimcheka wakimwonyesha ubao, naye ameanza kukosa mazoezi. Ongezeni 0.3 kwenye ile 10.6, mnapata 10.9, mteremko na upepo sijaviongeza bado. Tofauti ya kumcheka mtu iko wapi? Na timu ya UMISSETA ikichaguliwa kwa muda wa aina hii, anayekwenda Bukoba ni yule mwenye uwanja unaoteremka zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba fedha tulizochanga zinunue saa tatu, tepu ya mita 100, bastola ya kuanzishia na kipimo cha upepo. Mafundi waliomo humu waje kesho asubuhi na pimamaji na kamba, tuanzie upande wa bwenini. Ubao usifutwe, ile 10.6 ibaki, ila pembeni iandikwe: saa ya mkono, upepo haukupimwa. Na chini yake iandikwe 11.1, pamoja na jina la kijana huyo.