Muda kwa Mtoto Aliyechelewa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimetakiwa nieleze kwa nini, katika mkutano uliopita, nililipinga shauri la kuzitoa fedha zote za elimu za tawi letu kwa watoto watano wanaoongoza madarasani. Nitaeleza, ila nitaanzia mbali na visiwa vyetu, huko Mara.

Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki alitolewa Butiama akapelekwa skuli ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 hivi. Umri wake ulikuwa umekwisha fika miaka 12. Nyumbani kwao kulisemwa Kizanaki; Kiswahili alikwenda kukisoma. Leo mtoto wa namna hiyo angeambiwa amechelewa, akarudishwa kuchunga mbuzi. Mwisenge ilimpokea, ikamwacha aende kwa mwendo wake, naye masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu. Mwaka 1937 akaingia Tabora. Tunayo mengi ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere, nayo yana siku yake.

Katika mji huo huo wa Musoma, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyokusudiwa kwanza. Nia ilikuwa njema. Lakini walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Madarasa yakafurika. Na katika darasa lililofurika, mwalimu humtazama nani? Humtazama anyooshaye mkono. Yule aliyenyamaza nyuma huandikwa kuwa yupo, basi.

Katika miaka ya karibuni mkoa wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza. Watoto ambao nyumbani hawasemi Kiswahili walitayarishwa kwa wiki kadhaa kabla ya darasa la kwanza, kwa hadithi na michezo, na waliowatayarisha walikuwa watu wa vijiji vyao wenyewe. Hilo ndilo lililonipendeza zaidi: hawakungoja mwalimu mwenye shahada.

Ndugu mmoja ameniambia kuwa mambo ya Bunda na Butiama hayatuhusu, kwani watoto wetu huzaliwa na Kiswahili. Ni kweli. Lakini wakifika sekondari hukutana na Kiingereza, na hapo kila mmoja wao huwa kama Mzanaki wa 1934, isipokuwa hapana anayemngoja.

Mwingine amesema kuwa kumpa mzito zaidi ya mwepesi ni upendeleo. Namwomba atazame Baraza la Mitihani la Tanzania. Mtahiniwa asiyeona huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Sijamsikia mtu akilalamika. Ila muda huo huja siku ya mtihani. Mtoto wa darasa la tano asiyeweza kusoma barua ya mama yake anautaka sasa.

Mimi ninayesema mbele yenu nilirudishwa darasa mara mbili. Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja aliyenisomesha kila siku baada ya alasiri, asitake hata senti. Leo masomo ya jioni hulipiwa, na mwenye kuyahitaji zaidi ndiye asiyekuwa na ada.

Kwa hivyo nashauri fedha zigawiwe: nusu wapewe hao watano, na nusu inunue vitabu na kumlipia nauli mwalimu mstaafu atakayekaa katika chumba hiki Jumatatu na Jumatano, baina ya alasiri na magharibi. Mabenchi yapo. Watoto wenyewe tunawajua kwa majina, kwani ni wetu. Naomba, Bwana Mwenyekiti, kura ipigwe leo kabla hatujatawanyika.