TUSHUKURU KILA SIKU, SI SIKU YA YUBILEI TU

(Maneno ya katekista mbele ya Wakristu wa parokia)





Leo tunashangilia miaka 50 ya parokia yetu. Katika sheria ya Musa, mwaka wa 50 ulikuwa mtakatifu: mashamba yalipumzika, watumwa walifunguliwa, na kila mtu aliurudia urithi wa jamaa yake. Ngoma zimelia, na vinywa vyetu vimejaa neno aksanti. Lakini tunajiuliza: kesho, ngoma zikinyamaza, neno hilo litakaa wapi?

Tukiri kwanza kosa letu wenyewe. Katika seminari ndogo tulizoea kupiga magoti kila jioni na kuchunguza dhamiri. Tulihesabu dhambi za siku, kisha tukalala. Hatukukumbuka kwamba Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Roho, kilichokubaliwa na Papa Paulo wa tatu mwaka 1548, aliweka shukrani mbele: mtu amshukuru Mungu kwa mema aliyopokea, ndipo atafute makosa yake. Sisi tuliiruka ngazi ya kwanza. Hata tulipokuwa walimu wa dini, sala zetu zilikuwa maombi matupu.

Ukaja mwaka wa taabu. Mihogo yetu iliozea udongoni, na mtoto wetu wa mwisho akafariki kwa homa. Mchana tuliwafundisha watoto wa wengine sala ya Baba Yetu. Usiku, sisi wenyewe hatukuweza kuisali.

Jioni moja mama mzee wa shirika letu, mjane, alituletea sambaza kidogo katika sahani iliyofunikwa. Hakutuhubiri. Alikaa mkekani, akalia pamoja nasi, kisha akauliza: «Wanangu, leo ni nani aliyewatendea jema?» Tulinyamaza. Baadaye mama wa watoto akasema: «Jirani ametuchotea maji.» Mzee akajibu: «Basi, mwambieni Mungu hilo tu. Kesho mtamwambia lingine.»

Tangu siku ile, kabla ya kulala, kila mmoja nyumbani mwetu hutaja jambo moja jema la siku hiyo, na mtu aliyelitenda. Hatusemi «aksanti kwa yote», kwa maana neno hilo ni kama wavu wenye matundu makubwa: haushiki sambaza. Mtoto husema: «Dada amenigawia bugali yake.» Na dada, akisikia hayo, kesho yake hugawa tena. Huzuni haikuondoka, kaburi la mtoto lipo palepale. Lakini usingizi ulirudi, ugomvi ulipungua, na Baba Yetu ikapata tena njia midomoni mwetu.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2003, Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walionyesha kwamba watu walioandika mambo ya kushukuria waliyaona maisha yao kuwa mema kuliko wale walioandika taabu zao. Wagonjwa wa mishipa na misuli walioandika hivyo kila siku kwa muda wa majuma 3 walipata usingizi mzuri kuliko wenzao wasioandika. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba faida hiyo ina kiasi chake: si dawa ya kila ugonjwa.

Kwa hiyo, ndugu, shukrani isiwe kitambaa cha kufunika kidonda. Mfanyakazi asiyelipwa asiambiwe ashukuru tu. Apewe haki yake. Mwenye kufiwa aachwe alie: Bwana mwenyewe alimlilia Lazaro. Lakini tukumbuke pia kwamba neno Ekaristi latoka katika Kiyunani, na maana yake ni shukrani. Yezu alitwaa mkate na kushukuru usiku uleule aliosalitiwa. Hakungoja taabu ziishe. Nasi tukizingoja ziishe, hatutashukuru kamwe.

Tunawaomba basi kila nyumba ianze jioni ya leo: jambo moja, na jina moja. Tuanze na akina mama waliobeba mawe na maji kichwani ili kanisa hili lisimame. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya parokia. Yatajwe basi katika sala za nyumba zetu.

Wenye ukoma kumi waliponywa wote. Mmoja tu alirudi kushukuru, naye alikuwa mgeni, Msamaria. Parokia yetu imepokea mengi kwa miaka 50. Mungu atujalie tuwe kama yule aliyerudi, na kurudi kwetu kuwe kwa kila siku.

Amani ya Bwana ikae nanyi.