Kabla ya Mchakamchaka, Usingizi

Mada iliyotolewa na muuguzi wa afya ya jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya mbio za pole, Temeke



Mnamo Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo. Vikundi vyetu vya Mbagala, Tandika na Chamazi havikuhitaji kusukumwa. Sina la kuwafundisha kuhusu kukimbia. Nimekuja kuzungumzia usiku unaotangulia mbio.

Alfajiri moja nilikuwa uwanjani nikipima shinikizo la damu kabla ya mbio. Akaja mlinzi wa usiku, angali na sare ya lindo, raba mkononi. Kipimo kilisoma 164 kwa 102. Nikamketisha dakika tano, nikarudia. Kilishuka kidogo tu. Nilipomuuliza amelala saa ngapi tangu juzi, alicheka: "Nesi, nitalala nikishakimbia." Alikuwa amekunywa chupa mbili za kinywaji cha kuongeza nguvu, ambacho huficha usingizi wala hakiulipi. Nilimzuia, akaninunia.

Mtu mwenye afya anapolala, mapigo ya moyo hupungua na shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Hiyo ndiyo nafuu pekee apatayo mfanyakazi huyu asiye na likizo. Anayekesha humnyima nafuu hiyo: adrenalini hubaki juu na mishipa hubaki imekaza. Kisha asubuhi tunamdai kilomita 10.

Sitaki kuwatisha. Usiku mmoja wa msiba, au wa kuuguza mtoto, haumwangushi mtu mwenye afya. Hatari iko kwa anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, hasa mwenye shinikizo la juu ambaye hajapimwa kamwe.

Kinachodanganya ni kwamba misuli hailalamiki mapema. Aliyekesha huweza kunyanyua mzigo mzito mara moja kama kawaida yake. Katika mbio ndefu, hata hivyo, mwendo uleule huwa mgumu zaidi, pumzi huisha mapema, na macho huchelewa kuiona bodaboda. Aliyelala vya kutosha hufaidika kinyume chake: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wachezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliporefushiwa usingizi kwa wiki kadhaa, walikimbia kwa kasi zaidi na kulenga vizuri zaidi.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Najua wengi hawakeshi kwa kupenda. Mchuuzi wa Chamazi anayewahi Kariakoo huamka saa kumi usiku, na jirani yake ana muziki hadi saa nane. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015. Waheshimiwa wenyeviti, hilo nawaachia ninyi.

Kwa vikundi, naomba mbio za saa kumi na moja alfajiri zisogezwe hadi saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya kupanga mistari, kiongozi aulize nani amelala chini ya saa 5. Hao watembee nyuma ya kundi, wala wasitaniwe. Atakayebanwa kifua au kupata kizunguzungu asimame na apelekwe Hospitali ya Temeke bila kungoja. Na anayekoroma huku pumzi zikikatika usingizini (wake zetu na waume zetu ndio mashahidi) akapimwe, kwani maradhi hayo hupandisha shinikizo la damu.

Yule mlinzi alirudi baada ya majuma kadhaa. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake na ameanza dawa. Kipimo kilisoma 146 kwa 92. Siku hiyo alitembea, na alimaliza njia yote.

Mashine nimekuja nayo, ipo pale mlangoni. Naomba tuanze na viongozi.