Maskini Hawahesabiwi kwa Wastani

Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Kibera na Kawangware



Mmeniita nizungumze juu ya ruzuku za afya na lishe ya jamii: ni mtaa upi unaostahili kuzipata, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua. Wako watakaosema kuwa hili ni jambo la wataalamu wa takwimu. Mimi nasema ni jambo la haki. Anayechora mpaka wa umaskini ndiye anayeamua mtoto yupi atakunywa uji na yupi atalala njaa.

Tuanze na Maandiko. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Chakula kilikuwapo, na nia njema ilikuwapo. Kilichokosekana ni mgao wa haki. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliita mkutano, na mkutano ukachagua watu saba wenye sifa njema wausimamie.

Sasa tuitazame nchi yetu. Sheria ya Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge ya mwaka 2003 ilielekeza kwamba robo tatu ya fedha igawanywe sawasawa kwa maeneo bunge yote, na robo iliyobaki ifuate kipimo cha umaskini cha eneo bunge. Wakati huo Kibera ilikuwa Lang'ata, pamoja na Karen. Ukimchukua bwana mwenye ekari tano na mama anayenunua maji kwa mtungi, ukajumlisha mapato yao na kugawanya kwa mbili, utapata mtu wa kadiri ambaye haishi popote! Mwaka 2013 Kibra ikawa eneo bunge lake yenyewe. Lakini Kawangware ingali katika Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kilimani na Kileleshwa.

Ndugu zangu, wastani huweza kuua. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2000 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa humo, 151 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wastani wa Nairobi nzima ulikuwa 62, na wa mashambani 113. Aliyesoma wastani wa jiji aliona Nairobi imestawi. Aliyeingia mitaani aliona makaburi madogo.

Wala tusijidanganye kwa hesabu kubwa zisizo na msingi. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070, na ubishi ukazuka. Mimi sikuja kuamua ubishi huo. Nasema tu kwamba hesabu inayobishaniwa haimwonyeshi muuguzi mlango wa mtoto aliyekonda.

Je, sheria inasemaje? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, ya maji safi na ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi. Hii si sadaka, ni deni. Tena Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotayarisha sera yake ya kwanza ya maeneo yaliyotengwa, mwaka 2013, ilitaja kaunti 14 nzima, na Nairobi haikuwamo. Katika sera ya pili ilishuka hadi ngazi ya kata ndogo na kutambua maeneo 1,424. Tume yenyewe, basi, ilikubali kwamba kipimo kipana huficha maskini. Kwa nini kanuni hiyo isifuatwe na kila anayegawa ruzuku jijini?

Nawaomba tudai mambo manne. Kwanza, kipimo kifanywe kijiji kwa kijiji: Gatwekera peke yake, Lindi peke yake, Gatina peke yake. Pili, kipimo kiwe cha mambo yanayoonekana: umbali wa bomba la maji, idadi ya nyumba zinazotumia choo kimoja, mlo wa jana, na mkono wa mtoto kwa ile kanda ya rangi. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5 yumo hatarini, awe mtoto wa mwenye nyumba au wa mpangaji. Tatu, orodha ya vijiji vilivyochaguliwa, pamoja na sababu, ibandikwe hadharani. Ofisi ya umma ikikataa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa siku 21 kujibu ombi letu la maandishi. Nne, majina ya wagonjwa yasisomwe mimbarini wala barazani. Vijiji vitajwe, heshima ya watu ihifadhiwe.

Nimewahi kuonyeshwa orodha ya wahitaji iliyoandikwa sebuleni kwa mkubwa mmoja. Ilikuwa na ndugu, wafuasi wa chama na watu wa kabila moja. Mjane aliyekuwa jirani yake hakuwamo. Tukiandika orodha ya namna hiyo kwa mikono yetu, tutakuwa tumebadilisha waandishi tu, na mageuzi hayatakuwapo.

Rudini makanisani na vijijini mwenu. Chagueni saba wenu wenye sifa njema, mhesabu kwa haki, kisha twende pamoja tukadai.